Siku Tatu za Mama Titulaire

Hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alisimama nje ya duka langu, juu ya ubao niliouweka kuvukia mtaro, akakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu anayeita mgonjwa anayefuata, na wateja waliokuwa ndani wakajisogeza bila kuambiwa. Kisha akaingia, akatazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni.

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mama."

"Na nini?"

Sabuni ilikuwa kwenye kopo karibu na printa, kwa ajili yake peke yake. Wateja wengine walishika karatasi zangu kwa vidole vyenye mafuta ya ndagala, dagaa wa ziwani, nami nikanyamaza. Yeye alinawa, akakausha mikono hewani, ndipo akapokea ukurasa uliochapwa, kwa viganja viwili, kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Mji wetu mzima wa Baraka ulimwita Mama Titulaire. Kwetu muuguzi anayeongoza kituo cha afya huitwa titulaire, na kituo chake kilikuwa Lubondja, vijiji vya mashamba kule juu. Kituo kiliporwa, kikafunguliwa, kikaporwa tena. Kila kilipofungwa alishuka Baraka na sanduku la chanjo lisilo na chanjo ndani, akapanga chumba karibu na soko, na wagonjwa wakamfuata hukohuko. Jina lake la ubatizo nalijua. Sitaliandika, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akilitumia, na nikiliandika nitakuwa nazungumza juu ya mtu mwingine.

Mimi nami sikuwa mtu mdogo. Niseme wazi, maana watu wa hapa husahau upesi: siku zile, kutoka sokoni mpaka ufukweni, hakukuwa na mashine kama zangu. Vita vya kwanza vilinitoa hapa nikiwa mvulana bila viatu, vikanitupa ng'ambo ya ziwa, katika kambi za Kigoma. Wenzangu walicheza karata wakingoja mgao. Mimi nilijifunza Kiingereza kwa kunakili maandishi ya magunia ya unga, kisha kwa vitabu, kisha darasani, mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Nilirudi na kompyuta mbili, printa na paneli tatu za jua, vyote kwa jasho langu. Wengine walikimbilia Misisi kuchimba dhahabu, wakarudi na pikipiki na vikohozi. Mimi nilifungua secrétariat, duka la kupiga chapa na fotokopi, na diploma yangu nikaitundika ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kukaa bila kuiona.

Siku ya kwanza Mama Titulaire aliisogelea, akaisoma yote hadi sahihi ya mwisho.

"Muhuri iko ya kweli," akasema. "Sasa tuone mwenyewe."

Tangu siku hiyo aliniita Diplome. Wateja walicheka. Mimi nililipokea jina hilo kama sifa, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kufikiri vinginevyo.

Alikuja kwa ajili ya maktaba. Katika mafunzo fulani Uvira, wakuu wa vituo vya afya walipewa kila mmoja kikaratasi chenye jina na neno la siri la maktaba ya mtandaoni, mahali zinapowekwa makala za utafiti wa sayansi kutoka dunia nzima, na watu wa nchi kama yetu huruhusiwa kuzisoma bure. Wenzake walivipoteza vikaratasi vyao kabla ya kufika nyumbani. Yeye alikishona cha kwake ndani ya pindo la kitenge. Kila alipokuja alilifungua pindo kwa pini, akaniamuru:

"Geuka."

Nikageukia ukuta, uso kwa uso na diploma yangu, huku yeye akiandika lile neno kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, muda wa kuchemsha yai. Hakujua kwamba tangu ziara ya pili mashine ilikuwa imelikariri. Sikumwambia. Nilipenda kuona anavyojiandaa, na nilipenda pia kujua kitu asichokijua. Leo maktaba ile bado inafunguka kwenye mashine yangu kwa neno lake la siri, naye hayupo. Ukurasa mweupe ukichelewa kujaa, huwa nageuka ukutani kabla sijakumbuka kwamba hakuna aliyeniamuru.

Mtandao wetu ulitegemea mnara wa simu kule mlimani, na mnara ulitegemea mafuta ya jenereta. Siku nzuri ulipata makala nzima. Siku mbaya ulipata kichwa cha habari na muhtasari, basi. Zile kurasa kumi au ishirini zilizobaki zilishuka mchana kutwa na kukatika zikikaribia mwisho. Makala nyingi zilikuwa za Kiingereza. Mama Titulaire alisoma Kifaransa bila miwani, lakini Kiingereza kilikuwa ukuta kwake, na mlango wa ukuta huo, pale Baraka, nilikuwa mimi.

Nilisoma, nikamtafsiria kwa sauti, naye akaandika katika daftari la shule. Maelezo ya dawa aliyaandika kwa Kifaransa, mawazo yake kwa Kiswahili, na yale ambayo wanawake wa Lubondja wangepaswa kuyasikia aliyaandika kwa Kibembe, akiyanong'ona kwanza ili aone kama yanatamkika. Tulitafuta surua. Tulitafuta minyoo, kuumwa na nyoka, watoto waliomwagikiwa mafuta ya mawese ya moto. Waandishi wa makala aliwazungumzia kama majirani waliohamia mtaani bila kujitambulisha.

"Huyu ni nani? Analala wapi? Aliisha kula muhogo hata siku moja?"

"Mama, huyu ni profesa."

"Profesa hakuli?"

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, maana tulikuwa nao mmoja tu na ulidumu miaka. Kila makala ya utafiti ina sehemu ambapo waandishi wanaeleza walichofanya: walikuwa wapi, na watu gani, kwa vifaa gani, kwa siku ngapi. Nilimtafsiria sehemu hiyo kwa neno "mbinu". Yeye alitaka tuanze hapo, kila mara, kabla ya kitu chochote. Mimi nilipenda muhtasari. Muhtasari ni mfupi na msafi, unakupa jibu, na mtu mwenye foleni ya wateja mlangoni anahitaji jibu.

"Mama, jibu liko hapa juu."

"Jibu la nani?"

"La utafiti."

"Utafiti haina kinywa, Diplome. Ni bantu. Balikuwa fasi gani, na nani, na nini mu mukono? Soma."

Siku moja nilimletea habari njema za kidonge fulani cha homa, watoto wote walipona. Alinirudisha kwenye mbinu kwa ncha ya kalamu. Ikaonekana watoto wale walikuwa wa umri wa kwenda shule.

"Batoto bangu beko na miezi tisa," akasema. "Weka pembeni."

Niliiweka pembeni, na moyoni nilisema mwanamke huyu anapoteza karatasi zangu.

Msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja ulionyooka. Aliwafokea wazee kwa ajili ya mapafu yao, kisha akaenda nyuma ya choo cha duka langu kuvuta sigara, moto ukiwa ndani ya mdomo kama wafanyavyo bibi zetu, ili moshi usionekane. Nilimfumania. Hakutikisika.

"Niko mu recherche," akasema, yaani katika utafiti, maneno yakipita pembeni mwa moto.

Alizaliwa kando ya ziwa lakini hakukubali kupanda mtumbwi. Ukimwambia twende Kalemie kwa maji, alikuambia barabara ipo. Alicheka uvumi wote wa sokoni, lakini hakuketi hata mara moja akiupa mlango mgongo. Makundi ya watu wenye bunduki, ambayo sisi wengine tuliyajua kwa majina na kwa majina ya makamanda wao, yeye aliyagawa mawili tu: wale wa asubuhi na wale wa jioni. "Ba asubuhi banaomba," alisema. "Ba jioni banakamata." Zaidi ya hapo hakutaka kujua. Wote walikuwa na vidonda, na wote aliwafunga.

Mmoja wa hao aliingia dukani kwangu na bunduki begani, akataka nimchapie picha yake. Mama Titulaire alikuwa kwenye kiti akisikiliza makala juu ya majeraha. Alimtazama yule kijana mikononi.

"Umenawa?"

Mimi nilikuwa tayari nimeshuka nusu chini ya meza.

"Sabuni iko pale," akasema. "Na hiyo chuma yako acha inje, inaniwekea vumbi ku karatasi."

Kijana akatoka. Tulisikia maji. Akarudi na mikono yenye povu bado, bunduki ameiegemeza nje ukutani, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikisimulia hili Baraka watu hunipigia makofi ya dhihaka. Lakini niliona mwenyewe.

Hakusifu mtu. Wanawake aliowafundisha kuzalisha walikuwa wakiniuliza mimi kama Mama Titulaire ameridhika nao, kana kwamba ningejua. Kwangu mimi neno lake kubwa kabisa lilikuwa "endelea".

Kitu kimoja tu nilimwona akikiogopa: miguu. Zamani, katika vita vilivyotangulia, alipokea mtoto aliyelala mzima na kuamka hawezi kusimama. Hakuwa na homa wala jeraha. Miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, mtoto anakanyaga kwa ncha za vidole na kuviburuta. Ndugu walisema sumu, wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Yeye alikuja kujua baadaye, kwa kusoma, kwamba ugonjwa ule unaitwa konzo, na kwamba unatoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, mtu anapoula wiki baada ya wiki bila samaki wala maharage. Hauui. Hauponi pia.

Kila mwanamke wa huku kwetu Fizi anajua kuloweka muhogo. Unaumenya, unautia majini, unangoja ulainike, na siku ukibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama, unautoa, unauanika, unautwanga. Hakuna anayehesabu siku. Gumba ndilo linalosema. Lakini vita huingilia hata gumba.

Mwaka ule mapigano yalipanda Lubondja, na watu hawakuweza kushuka Baraka kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Walipanda juu zaidi, kwenye mteremko wa upande wa Minembwe, wakajenga vibanda vya majani karibu na kijito. Usiku walishuka kuchimba muhogo katika mashamba yao wenyewe kama wezi, wakaulowekea kijitoni. Na kijitoni ndiko wenye bunduki walikowakuta. Wanawake wawili walikwenda kutazama muhogo wao na hawakurudi. Basi wengine wakaanza kuutoa baada ya usiku mmoja, mgumu hivyohivyo, kwa woga.

Habari hizo alizileta dereva wa pikipiki aliyepita njia za porini. Mama Titulaire alikuja kwangu asubuhi ileile. Hakukohoa nje. Aliingia moja kwa moja.

"Diplome. Nataka namba."

"Namba gani, Mama?"

"Siku. Siku ya kidogo kabisa yenye muhogo inaweza kaa mu maji na isiue miguu. Moja haitoshe, ile najua. Lakini kila siku naongeza, natuma mwanamuke ku mutoni mara ingine. Unasikia? Nikisema mingi, banabauwa. Nikisema kidogo, batoto banalemaa. Nitafutie namba."

Pikipiki ingekuja kumchukua saa sita kamili ya mchana. Dereva hakukubali kungoja zaidi. Milio ilisikika mbali, upande wa mlimani. Nikageukia ukuta, yeye akaandika neno lake la siri, na maktaba ikafunguka kwa shida. Nilitafuta. Makala zilikuwepo. Nilichagua moja iliyofanana kabisa na swali letu, nikabonyeza, muhtasari ukajaa, na mle ndani nikaiona: siku tatu za kuloweka, na sumu karibu yote hutoka.

"Tatu!" nikapiga kelele. Nilijisikia kama mtu aliyeokoa nchi. "Mama, siku tatu!"

"Mbinu."

Nilibonyeza makala nzima ishuke. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Robo. Robo na kidogo. Nje, dereva akapiga honi. Wateja wawili walikuwa mlangoni na fomu zao. Mstari ulisimama.

"Maji gani?" akauliza. "Balitumia maji gani, Diplome? Ya kusimama ao ya mutoni?"

"Maji ni maji, Mama."

"Sikuulize ile. Umesoma mbinu?"

Honi tena. Mstari haukusogea. Nilitazama diploma yangu ukutani, nikamwambia mwanamke yule, ambaye hajawahi kuniuliza swali asilotaka jibu lake:

"Nimesoma. Nimesoma yote. Ni siku tatu."

Alinitazama. Mpaka leo sijui kama aliniamini au alikosa muda wa kutoniamini. Aliandika katika daftari, kwa Kibembe, akanong'ona, akalifunga.

"Endelea," akasema, na akaondoka.

Alifika kwenye mteremko ule baada ya siku mbili. Niliyasikia yaliyotokea kutoka kwa wanawake wenyewe, baadaye. Aliwakusanya, akawaambia msitoe baada ya usiku mmoja, wala msikae wiki. Siku tatu, sayansi imepima. Siku ya tatu walikwenda kijitoni, wakabonyeza. Muhogo ulikuwa mgumu. Wakamwambia, "Mama, bado." Naye, aliyeloweka muhogo tangu utotoni, alibonyeza mwenyewe, akasikia chini ya gumba lake kwamba bado. Akawaambia toeni. Namba ilikuwa imeandikwa.

Waliutoa. Waliutoa hivyo msimu mzima, na hapakuwa na ndagala wala haragwe.

Njia ilipofunguliwa wakashuka Baraka. Mimi nilikuwa dukani, mchana, nachapa kitambulisho cha mtu. Nikasikia nje, kwenye kokoto, sauti nisiyoijua: kwaru, kisha kimya, kisha kwaru. Nikatoka. Msichana wa miaka kama saba alikuwa anapita ameshikwa na mama yake, magoti yamefungana, ncha za vidole zinaburuta chini. Jina lake Echa. Nyuma yao alikuja mwingine, na mwingine amebebwa. Mama Titulaire alitembea mwisho. Alipita mbele ya duka langu bila kugeuza shingo.

Nilirudi ndani. Siku hiyo mnara ulikuwa na mafuta. Makala ilishuka yote kwa dakika chache, bila kukatika, nami nikaisoma mbinu. Waliloweka katika mapipa, maji yaliyosimama, mahali pa joto, msimu wa joto. Na kurasa mbili mbele walikuwa wameandika wazi kwamba maji yakiwa baridi kazi huchelewa, na siku tatu hazitoshi.

Kijito kile kinatoka msituni juu. Mtu akikuambia ni baridi hujaelewa mpaka ukanyage.

Nilifunga ukurasa. Ningeweza kwenda chumbani kwake, ni mwendo wa dakika tano. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi, na kweli kazi ilikuwepo. Mwaka ule niliongeza printa ya pili na kuezeka upya. Watu walinisifu, nami nilisifika. Lakini kila kitu kilichoburutwa nje, kiti, tawi, gunia, kilinisimamisha moyo. Kwaru. Nilinunua saruji nikazimwagia kokoto zote mbele ya duka. Sauti ikahamia kwa jirani.

Misimu miwili ya mvua ikapita bila yeye kukanyaga kwangu. Nilisikia amerudi Lubondja, kituo kimefunguliwa, nusu ya watu bado wanaishi kwenye mteremko wakishuka siku za soko. Kisha dereva wa pikipiki akaniletea ujumbe wa mdomo: "Mama Titulaire anasema, kuja na mashine."

Nilivaa viatu vyangu vizuri na shati jeupe. Nilimkuta kwenye baraza la kituo. Alikuwa amekonda, jicho moja limefunga ukungu, na ngozi ya mikono imelegea. Wanawake kama kumi na tano walikaa uani juu ya vitenge, na mama yake Echa alikuwa mbele, mtoto kati ya magoti yake.

"Karibu, Diplome. Nawa."

Nilinawa. Alifungua daftari. Kumbe misimu ile miwili alikuwa amefanya utafiti. Alitoa kipimajoto kwenye friji ya chanjo, akapima kijito kile asubuhi na mchana. Aliloweka muhogo humo, wa shamba moja, wa ukubwa mmoja, na kila siku wanawake hawa wote walibonyeza, kila mmoja kwa gumba lake, na kila gumba likaandikwa. Siku ya tatu: bado. Ya nne: bado. Ya tano: wengine ndiyo, wengine bado. Ya sita: wote ndiyo.

"Naandikisha," akasema. "Utaitia mu Kiingereza, utaituma kule kunatoka zile zingine. Anza na mbinu."

Alisema, nikachapa. Wapi, na nani, na nini mkononi. Hakuharakisha. Wanawake walimsahihisha mara mbili, naye akakubali. Kisha akasema, kwa sauti ileile:

"Andika: kazi hii tulifanya juu ya makosa. Mbele, tuliambia bantu siku tatu. Tulitoa ile namba mu makala yenye hatukusoma yote."

Vidole vyangu vilisimama.

"Mama," nikasema, "hatukusoma..."

"Andika."

Nikaandika. Alinitaka niwasomee wanawake kwa sauti, ili wasikie kabla haijaenda. Nikasimama na kompyuta mikononi, nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi ile sauti yangu ilipungua, lakini nilifika mwisho wake. Mama yake Echa akauliza, si kwa ukali:

"Nani hakusoma?"

Mama Titulaire alikuwa anatazama mlima. Nilingoja aseme kitu. Angeweza kuninyooshea kidole, au kujinyooshea mwenyewe, kama nilivyoambiwa amekuwa akifanya misimu yote ile. Hakufanya lolote.

"Mimi," nikasema. "Aliniuliza kama nimesoma. Nilimwambia nimesoma. Sikuwa nimesoma."

Nilitegemea kelele. Ningependa kelele. Mama yake Echa alimpangusa mtoto makamasi kwa ncha ya kitenge, akafikiri.

"Sasa ni siku sita?"

"Sita, Mama."

"Na bantu ba bunduki? Beko ku muto hata leo. Siku sita, nani ataenda angalia muhogo?"

Nilitazama kompyuta, kana kwamba ingekuwemo humo. Nilimtazama Mama Titulaire.

"Ile hatukupima," akasema.

Hapo ndipo niliposema nitakaa mimi. Sijui ilitoka wapi. Nilisema nitakaa kijitoni, siku zote sita, nichunge. Kicheko kilipasuka uani kote.

"Na ile viatu?" mmoja akapiga kelele.

"Ba bunduki batamuomba fotokopi!"

"Papa Diplome, unajua kutofautisha muhogo na jiwe?"

Walicheka mpaka wakafutana machozi. Lakini kesho yake waliteremsha muhogo wao majini, na mimi nilikuwa pale.

Sitajisifu kwa siku zile sita. Nililala kwenye kibanda cha majani na kutetemeka. Mara mbili watu walipita ng'ambo. Wa kwanza waliniomba chumvi, wa pili walinitazama muda mrefu, wakachukua viatu vyangu, wakaondoka. Kila asubuhi niliingia majini hadi magotini kuona kama mawe yaliyoshikilia mihogo hayajasogea, na kila asubuhi miguu yangu ilikufa ganzi kiasi cha kutojua kama inakanyaga.

Siku ya sita alikuja, anapumzika kila hatua kumi, na wanawake nyuma yake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona. Aliinama, akatoa muhogo mmoja, akaubonyeza. Gumba likazama lote. Akanipa na mimi nibonyeze. Hakuniambia nilifanya vizuri. Hakuniambia kwamba yamekwisha. Wanawake walijaza kitunga cha kwanza, maji yakichuruzika chini yake, na kwetu mwanamume habebi muhogo uliotoka majini. Hiyo ni kazi ambayo hata ukiwa na njaa unamwachia dada yako. Mama Titulaire alikivuta kitunga mbele yangu kwa mguu.

"Beba."

Nikachuchumaa, wakanifunga kamba ya kitunga kwenye paji la uso, kitunga kikilala mgongoni, nikainuka. Maji yalinishuka mgongoni mpaka ndani ya suruali. Nilipanda mteremko peku, shingo imekaza, siwezi kutazama chochote ila mita moja ya udongo mbele yangu. Wanawake waliimba na kunicheka njia yote. Nyuma yangu kabisa, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, alitembea mama yake Echa, na mtoto mgongoni. Yeye hakucheka.